Volti Tatu na Volti Tano

Pale kituo cha kusukuma maji walimwita Bi Koleo, kwa sababu hata akienda arusini, ukifungua mkoba wake utalikuta koleo limelala kando ya leso. Asubuhi hiyo alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati la umeme, akitazama kadi mpya inavyomgomea.

Pampu zilikuwa sita, kila moja na kadi yake ya kuiendesha, na kadi zote zilizungumza na kompyuta ya ofisini kupitia jozi moja ya nyaya. Ya pampu ya nne iliungua juma lililopita, wakaletewa nyingine. Hiyo ikijibu mara moja, inanyamaza mara tatu.

"Si nilikwambia," alisema msimamizi nyuma yake. "Za zamani ni volti tano, hii ni volti tatu na kidogo. Haziwezi kuelewana. Kesho tung'oe zote tano, tuweke mpya."

Bi Koleo alizitazama zile tano. Kadi zile alizitengeneza na mumewe juu ya meza ya kulia chakula, miaka saba nyuma, yeye akizishikilia na mume akiunganisha nyaya zake kwa risasi ya kuyeyusha, huku wakigombana nani kamaliza chai ya mwenzake. Sasa huu ni mwaka wa tatu mume yuko ng'ambo, akikarabati mitambo ya watu. Simu zao zilikuwa zimekonda: hujambo, sijambo, watoto, wazima, kwaheri. Alimkumbuka sana mtu yule, hata kukohoa kwake alikutamani.

"Nipe mpaka saa nane," alimwambia msimamizi. Akatoka nje, akapiga simu.

"Kuna nini?" mumewe aliuliza kwa wasiwasi, maana haikuwa siku yao ya kupigiana.

"Hakuna mgonjwa. Nina swali la kazi. Chipu ya volti tatu na ya volti tano zinaweza kukaa kwenye nyaya zilezile?"

Mume alishusha pumzi, na sauti yake ikachangamka. "Zinakaa vizuri tu. Ile inayopokea haijali volti zimepanda kiasi gani. Inaangalia tofauti kati ya waya huu na ule. Tofauti ikifika sehemu ya tano ya volti moja, imeshaelewa, na hata hiyo ndogo inatoa zaidi ya hapo mara kadhaa. Hiyo mpya inapata umeme wapi?"

"Imekuja na kisanduku chake cha umeme."

"Na hasi yake umeiunganisha na hasi za wenzake, ili zote zipimie mahali pamoja?"

"Bado."

"Mke wangu, mambo haya si wewe ndiye uliyenifundisha?"

"Ni mimi."

"Sasa umepigia nini?"

"Nilitaka kukusikia ukieleza kitu kirefu."

Huko kwa mume mashine zilisikika zikinguruma. "Mkataba wameuongeza tena," alisema hatimaye. "Miezi kumi na minne. Wiki nzima natafuta pa kuanzia kukwambia."

Bi Koleo alikaa kwenye ngazi. "Umeshaniambia," alisema.

"Usikate. Niweke mfukoni, ukafanye kazi."

Akarudi ndani na mume mfukoni, akavuta waya wa tatu kutoka hasi hadi hasi, akakaza skrubu. Kompyuta ikaiita kadi ya nne mara mia. Ikaitika mara mia.

Msimamizi alitazama skrini, akajikuna kidevu. "Basi na hizo za zamani…"

"Nani anataka kung'oa kadi zangu?" mfuko uliuliza.

"Zetu," alisema Bi Koleo.

Msimamizi akacheka, akaenda zake. Huko ng'ambo mapumziko yalikuwa yamekwisha.

"Kesho nipigie," mume alisema, "hata kama hakuna kilichoharibika."

Simu ikakatika. Bi Koleo alibaki amesimama mbele ya kabati lililo wazi, kidole chake kikipita polepole juu ya matone ya risasi ambayo mkono wa mumewe uliyaacha.