Pete ya Mpira Iliyonenepa

Miezi sita nimewachosha watu wa Lafey kwa wimbo mmoja: mpira wa maji si mpira wa dizeli. Weusi ni mmoja, lakini ukiutia ule wa maji kwenye dizeli unainywa, unavimba, unalegea, mashine inazima. Hata mtoto wa chekechea anajua, nilizoea kusema. Mimi Katunge, mwendesha mashine ya kisima, nilitoka Machakos na cheti na mdomo.

Sasa jana. Pete zangu za mpira huzitenga katika makopo mawili, lakini alfajiri mzee Gelle, mfugaji, aliniletea maziwa ya ngamia nami sikuwa na chombo, nikazimwaga zote katika kopo moja ili la pili lipokee maziwa. Nitazijua tu, nikajiambia. Asubuhi nikabadilisha pete ya chujio la dizeli. Kabla ya adhuhuri mashine ikakohoa, ikanyamaza. Pete niliyoichomoa ilikuwa imenenepa kama andazi.

Nje, ngamia sitini wa Gelle walikuwa wametembea siku tatu bila maji. Zamu yake ilikuwa inaisha magharibi, kisha kisima ni cha wengine. Pete tano zilibaki, nami sikujua tena ipi ni ipi. Kuzijaribu moja moja kungemaliza siku.

Gelle akaja kuuliza kulikoni. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: dizeli ni chafu, wenye lori wametuletea takataka. Nani angebisha? Kazi yangu ingepona. Lakini nilimwona ngamia mmoja akilamba bomba kavu, nikaona haya.

"Mzee, ni mimi. Nimetia mpira wa maji."

"Ile mtoto ya chekechea anajua?"

"Hiyo hiyo."

Alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akavua ndara yake moja ya ngozi ya ngamia, akanipa na kisu. Ngozi hiyo, alisema, imepakwa samli miaka kumi, imeshiba, haiwezi kunywa kitu kingine. Nikakata pete, nikaikaza, nikavuta pumzi. Mashine ikawaka, maji yakaja, nami nikalia bila kujificha.

Gelle alisimama kwa mguu mmoja kwenye mchanga wa moto, akiwahesabu wanywaji wake. Nilimshukuru kwa kutonishtaki kwa kamati ya kisima, maana mwendesha mashine aliyenitangulia, Awil, nilimfukuzisha mimi nilipofika, kwa kosa kama hili.

"Awil naye alisema ni yeye," akanijibu bila kugeuka. "Wewe hukucheka."