Taa Mbili, Boti Moja

Mume wangu anaogopa giza. Nalisema mapema ili baadaye nisije nikaambiwa namsengenya. Ana miaka arobaini na mmoja, ana mabega ya kubeba mlango wa chuma peke yake, lakini umeme ukikatika akiwa bafuni huniita kwa jina langu lote, mpaka la babu. Siri hiyo tumeitunza miaka kumi na minne ya ndoa, na nilidhani tutazikwa nayo.

Balaa lilianza kiwanda chao cha magodoro kilipofungwa, kaka yake akampa nafasi kwenye boti ya kuvulia samaki usiku. Kaka yake huyo, shemeji yangu, kila mtu anamwita Nahodha, hata mama yao mzazi. Amevua miaka ishirini, na kwenye boti yake sheria ni moja tu: taa haishikwi na mtu mwingine. Injini utaigusa, nyavu utazigusa, hata chai yake ukiinywa kwa bahati mbaya utasamehewa. Taa, hapana. "Taa mbili kwenye boti moja," husema, "ni mafahali wawili zizi moja."

Basi mume wangu akawa anakaa nyuma kabisa, mwanga wa mbele haumfikii, mgongo wake umeliangalia giza lote la dunia. Siku ya kwanza alirudi asubuhi akasema ana homa. Siku ya pili tumbo. Siku ya tatu hakutaja ugonjwa wowote. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake vilivyolowa, akasema, "Mke wangu, nitamwambia kaka siwezi."

Nilimwonea huruma kweli. Na nilijua pia kitakachofuata: nafasi yake itachukuliwa na jirani siku hiyohiyo, naye atarudi kukaa karibu na cherehani yangu kunishauri jinsi ya kushona zipu. Nampenda mume wangu, lakini zipu nazijua. Nikamwambia, "Vumilia mpaka Jumamosi." Taa ya boti ilikuwa imeingia maji usiku huo ikafa, boti haitoki tena bila taa, na Jumamosi Nahodha alikuwa anakwenda kununua nyingine. Nia yangu ilikuwa ndogo tu. Tutoke dukani na taa ya mkononi, moja, iwe ya mume wangu, na Nahodha aione kuwa ni wazo lake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Nahodha alitokea amebeba betri ya boti begani. "Taa hujaribiwa na betri yake," alisema, "kama kiatu na mguu." Tukapita mtaa mzima nyuma ya betri hiyo, yeye akisalimia watu kwa kidevu kwa sababu mikono haikuwa na nafasi.

Duka lenyewe ni la Mama Waya, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, anayeuza kamba, makoti ya kuokolea maisha, oili na kila kinachowaka. Nyuma ya duka ana stoo ndefu isiyo na dirisha. Humo ndimo wateja wanamojaribia taa, kwa sababu, anasema, anayechagua taa mchana barabarani ni sawa na anayeonja chumvi kwa macho. Ukutani mwisho wa stoo amechora miamba kwa chaki, na boya jekundu, na samaki mmoja anayecheka.

"Simu zote ndani ya beseni," alisema. "Mtu akichungulia simu, macho hayazoei giza, halafu anakuja kunirudishia taa yangu eti hafifu."

Tukaweka simu kwenye beseni, pale kaunta. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Tukaingia. Mama Waya akazima swichi, ambayo fundi wake aliiweka nje ya mlango kwa sababu anazozijua yeye, akauvuta mlango, ukajifunga kwa kishindo. Mara ileile akawasha taa ya mkononi, nami nikamsikia mume wangu akipumua tena.

"Hii inachajiwa, haiingizi maji, na ikianguka inaelea," alisema Mama Waya. "Mwanga wake mpana. Hauendi mbali, ila unaona nyavu, unaona mikono yako, unaona mwenzako." Akaizungusha, tukaonana sote wanne.

"Nzuri!" alisema mume wangu, haraka mno.

"Ya kutafutia kuku," alisema Nahodha. "Mimi nataka ile kubwa."

"Unataka uone umbali gani, baba?"

"Mpaka ng'ambo."

"Ng'ambo una shughuli gani?" Mama Waya aliuliza, akashusha kutoka rafuni taa nene kama sufuria. "Hii mwanga wake ni mwembamba, unafika mbali kweli. Mwamba utauona ukiwa bado una muda wa kukata kona. Lakini uifunge mbele kabisa. Ukiifunga nyuma, ikapiga kwenye pua nyeupe ya boti yako, utajipofusha mwenyewe. Na ukungu ukishuka, uizime, maana utaona ukungu tu."

"Mama, nimevua miaka ishirini."

"Na mimi nimewabadilishia wavuvi fyuzi miaka ishirini na tano. Waya nyekundu kwenye chanya ya betri, baba."

Hilo la mwisho Nahodha alilichukulia kama tusi. Aliinama kwenye betri yake, akageuza mgongo ili tusimfundishe kazi, akaunga nyaya mwenyewe. Mama Waya, ili taa kubwa ionekane vizuri, akaizima ile ndogo na kuiweka rafuni.

Kukasikika *ta!*, cheche moja ya bluu, harufu ya plastiki, kisha giza.

"Fyuzi," alisema Mama Waya, bila kushangaa. "Ngoja nifungue mlango." Tukasikia anajipapasa. "Kitasa cha ndani kiling'oka mwezi uliopita. Huwa nafungua kwa bisibisi. Bisibisi yangu iko wapi?"

Giza la stoo ile lilikuwa giza la kweli. Nilianza kumhurumia mume wangu, nikaunyosha mkono kumtafuta, na mkono ukashikwa. Ulishikwa kwa nguvu, kwa viganja viwili, vyenye jasho, kidole changu cha pete kikalia. Nikanong'ona, "Usiogope, niko hapa."

"Usiniachie," ikajibu sauti.

Haikuwa sauti ya mume wangu.

Ilikuwa ya Nahodha. Miaka ishirini! Taa haishikwi na mtu mwingine! Watu wote tulidhani ni kiburi, na sisi wanawake tulikuwa tunamsema kisimani na sokoni kwamba anaringa na kijitaa chake. Kumbe mwenzetu alikuwa ameshikilia uhai wake.

Kutoka upande wa pili wa stoo mume wangu akasema, "Kaka, ni wewe unayepumua hivyo?"

"Nani? Mimi? Napumua kawaida."

"Ulikuwa unapumua hivyohivyo utotoni, tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. Mimi nikidhani ni usingizi."

Viganja vya Nahodha vilizidi kubana, nami nikaviacha vibane.

"Usisogee, kaka," alisema mume wangu. "Ile ndogo nimeona ilipowekwa."

Tukamsikia anatembea. Mtu huyu, ambaye nyumbani hawezi kwenda jikoni usiku kunywa maji bila kuniamsha, alipita katikati ya stoo nyeusi ti, akipapasa rafu, akiangusha makopo, akiliomba radhi kila kopo. Kwa kila kopo lililoanguka, moyo wangu ulikwenda naye. Kisha tukasikia kitufe.

Mwanga ulitukuta hivi: Nahodha amekishika kiganja changu kwa mikono yote miwili, amekikumbatia kifuani, macho ameyafumba. Mume wangu alitutazama. Sekunde moja tu, kisha akaigeuza taa kwenye ukuta wa chaki, akaanza kumkagua yule samaki anayecheka kama vile amekuja kumnunua.

"Nilikuwa namlinda shemeji," alisema Nahodha, akaniachia.

"Ahsante, shemeji," nilisema. "Nilikuwa naogopa sana."

Bisibisi ya Mama Waya ilikuwa nyweleni mwake.

Pale kaunta Nahodha aliokota simu yake kwenye beseni, akajikohoza mara tatu. Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno yangu ya kumzunguka tangu Jumatano, yote yakabaki kinywani, kwa sababu alisema mwenyewe, "Funga zote mbili, mama. Kubwa nitaifunga mbele kabisa, kama ulivyosema. Hii ya mkononi akae nayo mdogo wangu." Akafikiri kidogo. "Na asikae nyuma. Akae karibu na mimi, nimfundishe."

"Na mafahali wawili?" aliuliza mume wangu.

"Hayo ni ya ng'ombe," alisema Nahodha.

Jumatatu asubuhi mume wangu alirudi akipiga mluzi, kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku za magodoro. Nikamuuliza samaki. Wachache, alisema, maana waliongea mno, mpaka wakasahau kuvuta wavu wa pili. Waliongea nini? "Mambo ya kitanda kile," alisema, akalala na taa yake mkononi. Niliitoa polepole, nikaichomeka kwenye chaji.

Sijakaa kwenye cherehani, hodi mlangoni. Nahodha, peke yake, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua: tochi ndogo, mpya, ya kuingia mkononi kama yai.

"Shemeji, nyumbani soketi yangu imekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Nichajie na hii. Ila mdogo wangu asijue."

Kabla sijafungua mdomo, sauti ya usingizi ikatoka chumbani.

"Nimesikia, kaka. Iweke hapo, kando ya yangu."