Gome la Suqin
Mzee Tian hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na subira, na tangu mkewe afe hakuwa na wa kumkaangia gome la duzhong, mti ambao gome lake ni dawa ya kutuliza mimba. Binti yake Suqin, aliyeolewa mbali, mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na sasa ya tatu ilimsumbua.

Mzee Tian alilinyunyizia gome maji ya chumvi, akakaanga, akavunja kipande. Nyuzi nyeupe zikavutika. Zisipokatika, dawa haitoki. Akachochea moto; gome likaungua.

"Mzee Tian, unapika dawa au makaa?" jirani yake, Mama Peng, alimcheka dirishani.

"Acha maneno. Moto kiasi gani?"

"Mdogo, mzee wangu. Na ukae kitako, utulie!"

Akatulia, akakaanga gome jingine kwa moto mdogo. Safari hii nyuzi zilikatika. Akaandika, "Chemsha na figo za nguruwe, mwanangu," akafunga barua pamoja na gome, akaipeleka posta.