Resori ya Maman Colombe

Mama mkwe wangu, Maman Colombe, alikuwa na ibada mbili za jioni. Ya kwanza ilikuwa rozari, na hiyo tuliisali pamoja. Ya pili ilikuwa kuifungua cherehani yangu, na hiyo ilinipandisha presha.

Nisimsingizie wazimu. Bukavu ya miaka ile ya vita vya pili vya Kongo, wenye bunduki wakiingia nyumbani walichukua kilicho kizima: redio inayosema, baiskeli inayotembea, cherehani inayoshona. Kwa hiyo kila nyumba ilijifunza kuviua vitu vyake yenyewe kabla ya giza. Jirani yetu Philémon alikuwa anang'oa pedali za baiskeli yake na kuzilaza chini ya kuku anayeatamia. Maman Colombe yeye alikuwa na cherehani. Jua likizama, alikuja na kiti chake, akafungua nati ndogo ya mbele inayobana uzi, akavuta resori iliyo nyuma yake, kiwaya kilichojiviringa kisichozidi ukubwa wa harage, akakizika ndani ya kopo la unga wa muhogo.

"Bakuye sasa, benye bunduki," alisema akipangusa mikono. "Batakuta maiti."

Asiyeshona ataniuliza: si asubuhi unairudisha tu? Hapana, hairudishwi tu. Resori si kofia ya kutundika msumarini. Ni hiyo inayovisukuma visahani viwili vibane uzi wa juu, na uzi wa juu unatakiwa ukutane na uzi wa chini, unaotoka kwenye bobini, katikati ya kitambaa, usionekane juu wala chini. Ukilegea, chini yanatokea mavitanzi kama nywele za mtu aliyeamka. Ukikazwa mno, kitambaa kinakunjamana na uzi unakatika. Robo ya mzunguko wa ile nati ndiyo tofauti kati ya fundi na mharibifu. Na mimi kila asubuhi nilikuwa naanza upya, kwanza kuupuliza unga uliojaa kwenye visahani, kisha kukaza, kujaribu, kulegeza, kujaribu, huku wateja wakikohoa mlangoni.

Mume wangu Mugisho angeweza kuamua ugomvi huu, lakini alikwama Luvungi na lori la tajiri wake tangu njia ya bonde la Ruzizi ilipofungwa. Tulibaki wawili bila mwamuzi. Nilisema kwa adabu, nikasema kwa mafumbo, nikasema kwa kugonga masufuria. Mama mkwe alinisikiliza kwa upole mkubwa, na jioni akaja na kiti chake.

Halafu ikaja harusi ya Carmel.

Carmel ni mzaliwa wake wa mwisho, wifi yangu. Mchumba wake, Akonkwa, ni mtu wa Walungu, na wazazi wake walikuwa wamesubiri njia ya kwao itulie hadi wakachoka kusubiri. Ilipotulia kidogo wakaja wote, na shangazi na mbuzi, na padri akakubali kuwafungisha ndoa Jumamosi asubuhi, kwa sababu hakuna aliyejua njia ingesema nini Jumapili. Magauni ya harusi ya kukodi hayakuwepo tena mjini. Yule mama aliyekuwa nayo aliporwa hadi vioo vya kujitazamia. Basi ukoo wa bwana harusi ukaleta satini nyeupe, kipande kimoja kilichofichwa kwenye gunia la maharage kutoka Walungu hadi kwetu. Mama yake Akonkwa aliniwekea mikononi akasema, "Binti, iko hii tu."

Satini haisamehe. Ukishona vibaya ukafumua, matundu ya sindano yanabaki pale pale, mstari mzima, kila mtu kanisani anahesabu makosa yako. Kwa hiyo mkazo wa uzi ulitakiwa uwe sawa kabla ya mshono wa kwanza, na mabaki ya kujaribia yalikuwa machache kuliko ninavyopenda.

Ijumaa asubuhi niliketi. Unga, kama kawaida. Nikapuliza, nikapiga chafya, nikakaza. Mavitanzi. Nikakaza tena. Satini ikakunja uso. Nikalegeza kwa ukucha tu. Carmel alisimama nyuma yangu akiwa na nywele nusu zimesukwa.

"Yaya Bibiane, itakuwa?" aliuliza, akiniita yaya kama dada yake mkubwa.

"Itakuwa ukiacha kunipumulia shingoni."

Kipande cha mwisho cha mabaki kilipopita chini ya sindano, nikakigeuza na sikujua upande upi ni wa juu na upi ni wa chini. Ulikuwa mshono wa kumshukuru Mungu. Niliinuka, nikamwendea Maman Colombe aliyekuwa anamenya viazi uani.

"Maman, leo usiguse mashini. Hata jioni. Nimeipata."

"Sitagusa, mwana wani," alisema.

Nilirudi ndani, nikapanga pande mbili za gauni, nikaziweka pini. Mguu wangu ulikuwa tayari kwenye pedali. Ndipo masufuria yakaanza kulia.

Mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa. Waporaji wakionekana juu ya kilima, nyumba ya kwanza inapiga sufuria, ya pili inapokea, na sauti inashuka mtaa kwa mtaa kuwatangulia. Nilikunja satini, nikamvika Carmel tumboni, nikamfunga pagne, kitenge chake, juu yake, akawa mjamzito ghafla, siku moja kabla ya harusi. Nilipogeuka, Maman Colombe alikuwa ameshainamia cherehani.

"Maman! Acha! Umeniahidi!"

Vidole vyake vilishaijua njia. Nati, resori, nati tena mahali pake. Akatazama upande wa kopo la unga, lakini mlango ulikuwa unasukumwa. Akaitia resori mdomoni.

Waliingia wawili. Mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye pasi ya makaa. Mwingine, kijana mrefu, aliiona cherehani, akavuta kiti na kuketi, bunduki mapajani. Aliketi kifundi, mgongo wima, mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye pedali. Alipitisha uzi bila kuutazama. Huyu alikuwa wa kazi yetu. Akachukua kipande changu cha mabaki, akashona mstari, akakigeuza. Chini yake palikuwa na mavitanzi matupu. Akaigusa ile nati na kuizungusha, ikazunguka bure.

"Resori iko wapi?"

Nikasema ilipotea zamani.

"Unashona na nini basi? Maombi?" Akamgeukia mama mkwe wangu. "Wewe muzee. Resori iko wapi?"

Maman Colombe alitikisa kichwa.

"Sema."

Akatikisa kichwa tena, midomo imefungwa kama bahasha. Kijana aliinuka, akamkamata kidevu.

"Fungua kinywa."

Niliona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akafungua kinywa, wazi kabisa, akatoa na ulimi, kama anayepokea komunyo. Hakikuwamo kitu. Kijana alichungulia, akamwachia, akaipiga cherehani teke la dharau.

"Mashini bila resori ni kubeba chuma bure," alimwambia mwenzake. Walichukua pasi, wakachukua redio, wakatoka. Nyumba ya pili, kwa Maman Madeleine, walikuta cherehani nzima. Tuliisikia ikitolewa, na yeye akilia nyuma yake. Ndiyo niliyokuwa nategemea kuazima.

Nilifunga mlango. "Maman, resori."

Aliweka mkono tumboni. "Iko huku."

Nilitaka kumkumbatia na kumkaba koo, sikujua nianze na lipi. Nilitembea kutoka ukutani hadi ukutani. Nilisema maneno ambayo nisingependa mtoto yeyote ayajue. Mama mzima! Kopo la unga liko pale, chini ya kitanda kuko pale, amekwenda kutafuta tumbo! Na chini ya hasira hiyo nilikuwa naogopa, maana kiwaya ni kiwaya, na utumbo wa mtu mzee si bomba la maji. Nikamlazimisha kula ugali, halafu ndizi, halafu ugali tena. Alikula bila kubisha. Carmel alikuwa analia, satini bado tumboni.

"Yaya, gauni?"

Nilijaribu resori ya kalamu ya kubonyeza. Ilikuwa laini, haibani hata unywele. Nilikata mpira wa tairi ya baiskeli nikauvika pale. Uzi ukashikwa, ukaachiwa, ukashikwa, mshono ukawa na kwikwi. Kushona kwa mkono gauni lenye marinda mengi hadi asubuhi, bila umeme wala mshumaa wa kutosha, ilikuwa ndoto. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Na mama mkwe wangu aliketi pembeni, mikono mapajani, ananitazama kwa macho ya pole, na ile pole ndiyo iliyonimaliza.

"Basi shika wewe!" nilifoka. Nilimvuta na kiti chake hadi kwenye cherehani, nikautoa uzi kwenye visahani, nikautia katikati ya kidole gumba chake na cha shahada. "Umemeza resori, si ndiyo? Basi kuwa resori! Bana!"

Kwetu mke wa mtoto haongei na mama mkwe kwa sauti ile. Carmel aliacha kulia kwa mshtuko. Maman Colombe akabana. Nami, kwa hasira tupu, nikatia kitambaa cha kupangusia sahani chini ya sindano na kukanyaga pedali, nikitaka kumwonyesha jinsi isivyowezekana.

Nilipokigeuza kile kitambaa, chini hapakuwa na kitanzi.

Nilikigeuza tena. Kisha nikamwambia Carmel avue mimba.

Tulishona mchana wote uliobaki. Mimi nilikanyaga, yeye alibana, na adabu tuliiacha mlangoni. "Kaza, Maman! Umelegeza! Legeza sasa, kona! Usikohoe!" Alitii kila neno. Vidole vyake vilijifunza haraka kuliko nilivyotaka kukiri, na kwenye marinda alikuwa analegeza kabla sijasema. Tatizo lilikuwa moja. Alianza kusali. Uzi ule ulipita vidoleni mwake kama rozari, na midomo ikaanza yenyewe, Salamu Maria, umejaa neema, na kila alipofika "saa ya kufa kwetu" alibana kwa nguvu, na satini ikajikunja kidogo.

"Maman, sali bila kubana!"

"Ndiyo, mwana wani."

Salamu Maria iliyofuata, akabana pale pale.

Nilitaka kupiga kelele, lakini nikageuza uso nimtazame, nikaona uzi umeshachimba mfereji kwenye kidole chake, na damu imesimama ukingoni. Alikuwa amekiinua mbali, juu ya paja lake, isidondoke kwenye cheupe. Bila kusema alihamishia uzi kwenye kidole kingine. Kilipochimbwa hicho, akahamia mkono wa pili. Nikaendelea kukanyaga hadi pindo la mwisho.

Jumamosi Carmel aliingia kanisani mweupe, na watu wa Walungu wakapiga vigelegele hadi padri akacheka. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika pindo. Ubavuni kushoto, kutoka kwapani hadi chini, satini ilikuwa na vikunjo vidogo, kimoja, nafasi, kimoja, nafasi. Hakuna mwingine aliyeviona. Mimi nilijua kila kimoja ni nini. Kila kikunjo kilikuwa saa ya kufa kwetu. Watu wote walipopiga makofi, Maman Colombe aliinua mikono yake miwili iliyofungwa vitambaa, akaitikisa tu hewani. Nililia, nikasingizia moshi wa ubani.

Resori ilijitokeza katikati ya wiki iliyofuata. Sitaeleza namna. Aliileta mwenyewe kwenye kisahani, imeoshwa, imechemshwa, imeoshwa tena, akaiweka mbele yangu bila kunitazama. Niliivalisha cherehani, nikapoteza asubuhi nzima kuutafuta tena ule mkazo, nikanung'unika kama kawaida.

Jioni ikafika. Makaa ya jiko letu la mbabula yakafa, rozari ikaisha. Niliangalia kiti chake, hakikusogea. Alikuwa amekaa kitandani, vidole bado vimefungwa, anatazama ukuta kama mtu aliyesusiwa.

Nilingoja. Hakuja. Nikakasirika upya: mwanamke huyu, nikimkataza anafanya, nikinyamaza hafanyi! Nikaenda kwenye cherehani, nikafungua nati mwenyewe, nikavuta resori, nikaenda kusimama mbele yake.

"Maman, leo umesahau."

Aliitazama, akanitazama. Nikaiweka kwenye kiganja chake, nikakikunja kiganja juu yake polepole, kwa sababu ya vidonda.

"Kwenye unga," nikamwambia. "Si kinywani."