Taa ya Kwenye Kikombe

"Hivi Mama Agape, mtu mzima na miaka yako hiyo, huko kazini kwako hata jiko unawashiwa?"

Loyce aliuliza swali hilo siku nyingi zilizopita, ndani ya lifti ya jengo lao pale Xiaobei, Guangzhou, China, akiwa amekumbatia furushi la suruali za soko la Shahe lililomzidi kimo. Lifti nzima ikacheka, hata wale wasiojua Kiswahili, kwa namna alivyolisema. Felisia hakukasirika. Loyce alikuwa jirani yake wa mlango kwa mlango, mtu wa Mwanza, mwenye mdomo usiokuwa na breki. Lakini Baba Agape, mume wa Felisia, alipofariki, huyohuyo Loyce ndiye aliyemkorogea uji siku saba mfululizo na kusimama juu yake mpaka aumalize. Mtu wa namna hiyo anaruhusiwa kukucheka kwenye lifti.

Isitoshe, alichosema kilikuwa kweli. Felisia alikuwa mpishi katika shule ndogo ya Wayahudi, watoto thelathini na wanne pamoja na wale wa chekechea, na katika jiko lile moto wa kwanza hakuuwasha yeye. Kila asubuhi Mwalimu Menuha, mke wa Rabi, aliingia jikoni kabla ya kengele, akapiga kiberiti, akawasha taa ndogo ya mafuta iliyokaa ndani ya kikombe cha kioo juu ya rafu, kisha akaenda zake darasani. Kuanzia hapo Felisia alikuwa huru. Alichukua kijiti, akakiwasha kwenye ile taa, akakipeleka kwenye jiko alilolitaka. Sheria yao inasema chakula cha kupikwa lazima Myahudi awe ameshiriki katika moto wake. Hata akishiriki kwa mwali mdogo kama kucha, inatosha, ila usipokuwepo kabisa, chakula hicho hawali.

Loyce alipoelezwa hayo alisema yeye laobani wake, yaani bosi, kwa neno lao la sokoni, akimletea masharti kama hayo angemwachia na jiko na masufuria. Felisia akamuuliza, na wewe Kwaresima nzima huli nyama, nani amekuuliza? Loyce akanyamaza kutoka ghorofa ya nne mpaka ya tisa, jambo lililokuwa halijawahi kutokea.

Kazi yenyewe Felisia aliipata kwa macho yake. Aliingia pale kufagia na kupiga deki, miaka sita iliyopita, akamkuta Mwalimu Menuha amepandisha miwani kwenye paji la uso, anachambua mchele kwenye sahani nyeupe kutafuta wadudu, maana mdudu kwao ni haramu hata awe mdogo vipi. Felisia alitazama kidogo, akaegemeza ufagio ukutani.

"Lete hapa, Mwalimu. Utawalisha watoto kitoweo ambacho hawakuagiza."

Alisema kwa Kiswahili bila kufikiri, kama mtu anavyojisemea. Mwalimu Menuha akageuka mdomo wazi. Kumbe alikulia Nairobi, baba yake alikuwa mhandisi wa barabara kule, na Kiswahili alikuwa nacho, kile cha Nairobi kinachokimbia bila kutazama nyuma. Mchele ule ukahamia kwenye sinia. Felisia akaurusha na kuusambaza kama alivyofundishwa na mama yake, akatoa wadudu watatu kwenye mchele ambao Rabi Nakshon mwenyewe alikuwa ameshaupitisha. Jumatatu iliyofuata alikuwa amesimama mbele ya jiko.

Na mwaka huu, baada ya Pasaka yao na yetu, Rabi alimpa ufunguo wa jikoni. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba macho yale yanatosha kukaa peke yake. Rabi na mkewe waliingia na kutoka saa yoyote bila kubisha, kama sheria yao inavyotaka, ila ufunguo ulikuwa wake. Felisia aliuvaa shingoni, kwenye uzi uleule wa msalaba wake, na jioni alipopiga magoti kusali rozari, vile vyuma viwili viligongana kidogo. Usiku wa kwanza alicheka peke yake. Alikuwa mjane, elimu yake ilikomea darasa la saba, na katika jiji hili kubwa kulikuwa na mlango mmoja ambao watu wasio wa dini yake walimwachia aulinde.

Sasa, siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya sherehe. Darasa la kwanza walikuwa wanaanza kusoma Torati. Kwa desturi yao ya zamani mtoto haanzii kwenye kuumbwa kwa dunia, anaanzia Mambo ya Walawi, kitabu ambacho jumuiya ya Felisia walikiruka kama shimo la barabarani. Kila mtoto angepewa kitabu chake, na herufi za kwanza, kwenye karatasi ya kando, zingepakwa asali ailambe, ili ajue mapema kwamba maneno hayo ni matamu. Wazazi wangekuja adhuhuri. Watoto walipoulizwa wanataka kula nini siku hiyo walipiga kelele neno moja, pilau, wakilitamka kila mmoja kwa namna yake.

Nyama ilitolewa yote. Kilo kumi na mbili, akiba ya mwezi mzima. Nyama ya kosheri, iliyochinjwa kwa sheria yao, ilisafiri kwa ndege na vibali mpaka kufika pale, na ukiiharibu hakuna bucha la kwenda kununua nyingine, Guangzhou nzima utaambiwa meiyou, hakuna.

Mvua ilianza saa mbili na nusu, mvua ile ya kusini inayokuja na upepo wake. Taa ilikuwa imeshawashwa. Felisia alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa, jiko likajaa mvuke, akafungua mlango wa nyuma apate hewa. Upepo ukaingia kama mgeni asiyebisha. Ukabeba kitambaa, ukaangusha ungo wa chuma, ukazima jiko, ukazima na taa.

Felisia alifanya yote anayopaswa mtu kufanya. Alifunga gesi. Alifunga mlango. Alingoja harufu iishe. Kisha akachukua kiberiti kilichokuwa kando ya kikombe, kiberiti cha Mwalimu, alichokuwa akikifuta vumbi kila siku, akawasha taa, akachukua kijiti, akakiwasha kwenye taa, akawasha jiko. Mkono wake ulikuwa umewasha vibatari, mafiga na majiko ya mkaa tangu akiwa na miaka saba, haukumwomba ruhusa. Akatia tangawizi na kitunguu saumu, akatia nyama, akatia binzari nyembamba, akafunika.

Upande wa pili wa ukuta darasa la kwanza walikuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo zao. Wakamaliza wa kwanza. Wakamaliza wa pili. Felisia akanyoosha mkono kurudisha kiberiti mahali pake, na hapo ndipo alipokiona kiko mkononi mwake.

Alikaa kwenye kigoda.

Aliitazama taa. Ilikuwa inawaka vizuri, imetulia ndani ya kioo chake, vilevile kama ya saa mbili. Hata Rabi mwenyewe angeingia na vitabu vyake vyote asingejua kwamba ile si taa ya mkewe. Na moto si moto, alijiambia. Mungu aliyeuumba ni mmoja. Tena hakuwa amekusudia. Akajiambia na mengine, maana mtu akiogopa maneno hayamwishii. Aliwaza kilo kumi na mbili. Aliwaza wazazi wakifungua miavuli mlangoni adhuhuri na kukuta mkate na matango. Akashika ufunguo shingoni, umelowa jasho.

Ng'ambo ya ukuta, nyimbo zilikoma na somo likaanza. Mwalimu Menuha alifundisha kwa Kiingereza, cha polepole, na Felisia alizoea kukifuata akimenya viazi. Siku hiyo alikuwa anawaonjesha watoto vitu vilivyomo kwenye kitabu watakachopewa, akawaeleza ile amri ya kutomwekea kipofu kitu cha kujikwaa njiani. Zevulun, mtoto asiye na meno mawili ya mbele na mwenye maswali kuliko meno, akataka kujua nani mbaya kiasi cha kumfanyia kipofu hivyo, kwani yeye Guangzhou hajaona hata kipofu mmoja. Wenzake wakacheka. Mwalimu akawaambia kwamba walimu wa zamani walieleza hivi: kipofu ni mtu yeyote ambaye hajui jambo unalolijua wewe, halafu ukamwacha atembee nalo hivyohivyo.

Zevulun akafikiri. "Na kama hajikwai? Kama hatajua maisha yake yote?"

Felisia hakulisikia jibu la Mwalimu. Alikuwa ameshasimama, amefunga gesi, na sufuria kubwa likanyamaza. Akatoka na aproni yake, akapita kwenye korido, akasimama mlangoni mwa darasa, mahali ambapo kwa miaka sita hakuwahi kusimama somo likiendelea. Mkononi alishika kile kiberiti.

Mwalimu Menuha alimwona, akawapa watoto rangi wachore, akaja.

Felisia alimweleza yote papo hapo, kwa sauti ya chini, bila kuupunguza upepo wala kuuzidisha. Mwalimu alisikiliza akitazama saa ya ukutani. Uso ulimwiva. Alikuwa na wageni hamsini njiani, asali kwenye bakuli, na watoto kumi na wawili wenye rangi za maji.

"Mama Agape," alisema, "na lazima ungeniambia leo?"

Wakatazamana. Nyuma yake ubao ulikuwa bado una picha aliyoichora mwenyewe, mtu mwenye fimbo na jiwe mbele ya miguu yake. Mwalimu Menuha akageuka akaiona. Akajifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, na Felisia alidhani analia mpaka alipomsikia.

"Ai, mimi nami," alisema Mwalimu akijifuta macho. "Chaki hata haijakauka mkononi. Wacha nimwite mzee."

Rabi Nakshon alifika amelowa mpaka kwenye ndevu, mwavuli umegeuka ndani nje, kwa sababu alikuwa nje akiwaelekeza watu walioleta viti. Alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye akifikia jambo la sheria upole wake unakaa pembeni kidogo. Kiswahili hakujua zaidi ya "asante" na "pilau", kwa hiyo mkewe akasimama katikati akitafsiri, haraka.

Aliuliza kwanza kuhusu vitunguu, Felisia akajibu vilikaangwa kwa moto wa kwanza. Rabi akapunga mkono, kitunguu mtu hukila hata kibichi, hakina neno. Akauliza nyama imekaa motoni kwa muda gani.

Felisia hakutaka kubahatisha. "Mwambie watoto wameimba nyimbo mbili zote, na Zevulun ameuliza maswali mawili. Hapo nikafunga gesi."

Mwalimu akatafsiri. Rabi alitazama dari, na midomo yake ikaanza kucheza. Alikuwa anaziimba zile nyimbo kimoyomoyo, moja baada ya nyingine, kidole kikipiga mezani, huku mke wake na mpishi wake wamesimama kama wanaosubiri majibu ya hospitali. Alipomaliza akachukua uma mwekundu, ule wa nyama, akafunua sufuria, akatoa kipande kikubwa na kukikata juu ya sahani. Ndani kilikuwa kibichi kabisa, majimaji mekundu yanachuruzika kidogo.

Akazungumza na mkewe. Mwalimu akashusha pumzi ndefu.

"Anasema ingefika theluthi ya kuiva, tungeitupa yote. Haijafika. Tukiwasha upya sisi, ikaivia kwenye moto wetu, ni halali kama ya jana." Akasita. "Anasema wimbo mmoja zaidi na ingekuwa hadithi nyingine."

Felisia aliinamisha kichwa akamshukuru Mungu kwa maneno machache. Lakini lake lilikuwa bado. Alivua uzi shingoni, akafungua fundo, akautenga msalaba, na ufunguo akauweka mezani kando ya sahani.

"Mwambie Rabi aliniambia macho yangu yanatosha. Leo yalikuwa wazi na mkono ukafanya kazi bila kuyauliza. Ufunguo wake huu hapa. Pilau nitaimaliza, asiwe na wasiwasi."

Mwalimu Menuha alitafsiri taratibu sana, sentensi ya mwisho kwa shida. Mvua ilikuwa imepungua, na ng'ambo ya ukuta darasa la kwanza walikuwa wameachana na rangi na kuanza kuimba wenyewe, kwa makelele, bila mwalimu.

Rabi alizima ile taa kwa vidole vilivyolowa. Akafungua kiberiti, njiti ya kwanza ikakataa, ya pili ikakataa, ya tatu ikashika, akawasha taa, akakinga mwali kwa kiganja mpaka ukasimama. Akachukua kijiti, akawasha jiko kubwa chini ya sufuria, akainama kuhakikisha limeshika pande zote. Kisha akauchukua ufunguo mezani, akaufuta maji kwa koti lake ambalo nalo lilikuwa limelowa, akaenda kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, pale Felisia anapotundika kanga yake kila asubuhi. Akautundika juu ya kanga. Akaokota mwavuli wake ulioharibika, akarudi nje kwenye viti vyake.