Turubai la Mzee Mukhisa

Ikiwa umefunga ndoa Kitale miaka hii ya karibuni, yawezekana kabisa kwamba Phelista Nekesa amewahi kukufokea. Studio yake iko mtaa wa Tuwan, inatazamana na duka la mbolea, lakini Jumamosi humkuti humo. Jumamosi yuko kwenye uwanja wa kanisa fulani, amepanda juu ya kiti cha plastiki, anapanga watu. Warefu nyuma, wafupi mbele, watoto wakae chini, na shangazi mwenye kofia kubwa asogee pembeni asizibe wenzake. "Songeni! Songeni bana, si hamjakosana!" Hata askofu aliwahi kusogezwa, tena kwa kushikwa bega, na akasogea.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda, na huyo alikuwa baba yake mzazi.

Mzee Bramwel Mukhisa wa Bumula, jirani na Bungoma, alikuwa karani wa serikali mpaka alipostaafu, na kwake yeye kazi ni kitu chenye meza. Watu wakimuuliza binti yake anafanya nini, alijibu kwamba yuko Kitale, kwa ofisi. Ofisi gani, hakusema. Phelista alipomlalamikia, mzee alitoa simu mfukoni akaitikisa. "Si hata mimi niko na kamera hapa? Sasa ati kupiga picha ni kazi?" Maneno hayo yalimchoma Phelista kuliko alivyoonyesha. Hakutaka zawadi kutoka kwa baba yake. Alitaka kitu kimoja tu: siku moja, mbele ya watu, mzee atamke kwa kinywa chake kwamba binti yake ni mpiga picha.

Basi Oktoba hiyo bahati ikaja imepanda mgongo wa mafua. Sherehe za Mashujaa zilikuwa zifanyike Bungoma, na kikosi cha maonyesho cha jeshi, wale wanaojiita Mwewe, kingepita juu ya uwanja na ndege tano za kivita zikitoa moshi wa rangi. Mpiga picha wao, Ngige, hukaa kiti cha nyuma katika mojawapo ya ndege hizo. Wiki hiyo Ngige akaamka pua imeziba. Mtu mwenye mafua hapandishwi ndege ya aina ile, maana masikio yanaweza kumpasuka huko juu. Ndipo rubani mmoja, Kapteni Linah Jerono, mzaliwa wa huku huku kwenye miteremko ya Elgon, akakumbuka harusi ya dada yake pale Kitale na mwanamke aliyesimama juu ya kiti cha plastiki.

"Yule aliyemsogeza askofu," aliwaambia wakubwa wake, "hawezi kuogopa ndege."

Wakubwa waliguna. Madaktari wakampima Phelista kila mahali panapopimika, na akapita. Jioni hiyo alipiga simu nyumbani.

"Ndani ya ndege ya jeshi?" baba aliuliza. "Wewe?"

"Ndiyo, baba. Tukitoka uwanjani tutageukia upande wa Bumula. Hapo ndio ndege zinaachana."

"Basi piga boma yangu niione," mzee akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akidaia ripoti ya shule. "Nikiiona nitaamini."

"Sasa nitaijuaje kutoka juu?"

"Nitatandika ile turubai ya bluu ya kuanikia mahindi. Ni kubwa. Huwezi kosa."

Phelista akakubali na kushukuru, na hilo ndilo linalonichekesha mimi. Binti aliyezaliwa wakati wa mavuno, akapewa jina la mavuno, Nekesa, hakujiuliza hata kidogo Bumula nzima huwa inaanika nini mwezi wa Oktoba.

Kiwanja cha Kitale ni kifupi mno kwa ndege zile, kwa hiyo zilikuwa zikiruka kutoka Eldoret. Siku ya mazoezi Jerono alimfunga mikanda mpaka akawa hawezi hata kujikuna. Akamwonyesha mshikio wa rangi ya manjano na nyeusi uliokuwa katikati ya magoti yake.

"Ukivuta hii, kiti kinarushwa nje na wewe ndani yake. Tutakuja kukutafuta na parachuti kwa shamba ya mtu. Usiguse."

Phelista alikaa magoti yamepanuka kama mtu aliyekalia yai. Walipofika juu ya Kitale aliona mabati ya Tuwan yakimeta, akaanza kutafuta paa la studio yake, na hapo hapo Jerono akaipindua ndege. Chai ya asubuhi ikakumbuka njia iliyoingilia. Mfuko wa karatasi ulikuwa karibu, na ulifanya kazi yake. Ndege ilipokata kona, kamera ilikuwa nzito kama mtungi uliojaa maji, na helmeti ikamsukuma shingo ndani ya mabega.

Yote hayo aliyavumilia. Kilichomuudhi ni picha zenyewe. Karibu kila moja ilikuwa na uso wa Phelista katikati ya anga, umeelea juu ya mbawa kama mzimu. Mwanga ulikuwa umegonga glovu zake nyeupe na kola yake, ukamrudisha kwenye kioo. Ngige alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

"Umejipiga wewe mwenyewe! Vaa nyeusi tupu, mpaka glovu. Yale maandishi meupe ya kamera, ziba na utepe. Sogeza lenzi karibu na kioo lakini isiguse, ikigusa itatetemeka na ndege. Na usikae sana na jicho kwa kamera, tumbo itakataa."

Phelista alizifuta picha zile moja moja, ila moja aliiacha. Ilimjia kwamba katika albamu zote za kwao, za harusi, za mazishi na za Krismasi, yeye hayumo hata mara moja. Siku zote alikuwa upande wa pili wa kamera. Hakuwahi kuliwaza kabla ya siku hiyo, na halikumfurahisha.

Siku ya Mashujaa kulikucha anga imesafishika. Phelista alikula ndizi mbili na maji, akavaa nyeusi kuanzia shingoni mpaka vidoleni, na safari hii tumbo lilitulia. Ndege zilijipanga karibu hivi kwamba aliona misumari ya ubavu wa ile ya jirani, na rubani wake akipunga mkono. Ila ndege ya nne ilikuwa imebaki nyuma kidogo, imeharibu mstari. Mdomo wa Phelista ukafanya ulichozoea.

"Namba nne, songa! Songa bana, si hamjakosana!"

"Wacha kupanga jeshi, Phelista," Jerono akamwambia huku akicheka. Namba nne haikuwa imesikia kitu, sauti ile ilikuwa ndani ya helmeti zao wawili tu. Lakini muda si muda ikasogea yenyewe mahali pake, na Phelista akaridhika kana kwamba imetii.

Walipita juu ya uwanja wa Bungoma moshi ukimwagika nyuma yao. Umati ulikuwa umeinua nyuso zote kwa pamoja, na Phelista, ambaye kupata watu hamsini watazame kamera kwa wakati mmoja humkausha koo, alitamani kulia kwa furaha. Alipiga mpaka kidole kikamuuma.

"Haya, sasa ni kwenu," Jerono akasema. "Tunaachana. Angalia kushoto, itakuwa haraka sana."

Phelista akaangalia kushoto. Masikini! Bumula yote ilikuwa imeanika mahindi. Kila boma lilikuwa na turubai lake la bluu, na juu ya kila turubai mahindi ya manjano, limebaki pindo la bluu tu pembeni. Yalikuwa kwenye kila uwanja, nyuma ya kila jiko, hata kando ya barabara. Moyo ukamshuka kabla ya ndege kushuka.

"Umeiona?" Jerono akauliza.

"Naziona zote!"

Ndege ikalala ubavu. Ardhi ikasimama wima nje ya kioo, kamera ikawa mtungi tena, na mbele yake ndege mbili zikaachana, kila moja na mkia wake wa moshi. Katikati ya moshi ule, chini kabisa, akaona turubai moja ambalo halikuwa na punje hata moja. Lilikuwa la bluu tupu, lina vidoadoa tu. Nani huyu, aliwaza, ameacha turubai tupu na jua linawaka hivi? Si baba. Baba hawezi kuchezea jua la Oktoba. Kidole kiliendelea kubonyeza kwa mazoea, kisha ardhi ikatoweka na mbele yao kukawa na mlima na mawingu.

Kikosi kilizipenda picha zake. Ngige mwenyewe alipiga simu kusema kwamba ile ya ndege mbili zikiachana angeionea wivu hata kama asingekuwa mgonjwa. Phelista alishukuru, lakini Jumapili alipoelekea Bumula na kompyuta yake mkobani, hakuwa na raha. Alikuwa amerudi bila kile alichotumwa.

Sebule ilikuwa imejaa. Kuku alikuwa jikoni na harufu yake ilikuwa kila mahali. Nduguye Tonny alikuwapo, shangazi yake, naye wa kofia kubwa, alikuwapo, na jirani, Mzee Wepukhulu, alikuwa amekwisha kaa mbele kabisa, tayari kutazama.

"Baba, sikuipata," Phelista akasema kabla hata ya kufungua kompyuta. "Kila mtu alikuwa ameanika."

Mzee Wepukhulu alipiga goti lake. "Mukhisa! Ulituma mtoto atafute turubai ya bluu Oktoba? Si ungemwambia tu atafute nyumba iko na paa!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Mukhisa hakucheka. Alivaa miwani yake ya kusomea, akasogea. "Onyesha tu."

Phelista alizionyesha. Kila mtu akawa anatafuta kwake, na Mzee Wepukhulu akajipatia maturubai matatu tofauti, yote akiapa ni yake. Ilipofika ile ya ndege mbili, Mzee Mukhisa aliweka kidole kwenye kioo.

"Ngoja. Vuta hapa."

Lilikuwa lile turubai tupu. Phelista akaikuza picha, akaikuza tena, na vile vidoadoa vikawa vichwa. Safu moja nyuma, nyingine mbele, watoto wamekaa chini. Kitambaa cheupe cha kanisani cha mama yake kilionekana wazi. Kofia kubwa ya shangazi ilikuwa imesukumwa pembeni kabisa. Na wote, hata mtoto mdogo wa Tonny, walikuwa wametazama juu.

"Ni sisi," mama akasema kwa sauti ndogo.

"Kwani baba hakuanika mahindi?" Phelista akauliza.

"Alianika," mama akajibu. "Halafu asubuhi alizunguka, akaona majirani wote wameanika. Akarudi mbio, akatulazimisha turudishe yote kwa magunia. Jua ikiwaka hivyo! Nikajua huyu mzee amechanganyikiwa. Halafu akaanza: warefu nyuma, wafupi mbele, songeni bana! Alasiri mvua ikapata mahindi tukianza kuanika tena."

"Mvua ni mvua tu," mzee akanung'unika.

Phelista alikuwa bado anatazama. Safu ya nyuma haikuwa imekaza. Katikati kabisa, kati ya baba na mama, kulikuwa na pengo, na yeye pengo kwenye safu huliona kabla ya kitu kingine chochote.

"Hapa mbona hamkusongeana?"

Mzee Mukhisa alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Hapo ni pako. Picha zote za hii boma, wewe hauko. Nikasema tukuwekee mahali."

Phelista alilia pale pale, mbele ya watu wote, wala hakujaribu kuficha. Machozi yenyewe yalikuwa ya furaha, na mama yake akampa upindo wa leso ajifute.

Mzee Wepukhulu alikuwa amekunja uso, anafikiri. "Lakini Mukhisa, si wewe hutuambia huyu msichana anafanya kwa ofisi?"

"Ofisi gani?" Mzee Mukhisa alisimama, akanyoosha koti. "Huyu ni mpiga picha. Hii alipiga ndege ikiwa imelala na ubavu. Wewe unaweza?"

"Siku hizi si kila mtu iko na simu?" Wepukhulu akajitetea.

Mzee Mukhisa aliwatoa watu wote nje, akawapanga mlangoni mwenyewe, akamvuta Phelista mkono mpaka katikati yake na mama, kisha akamkabidhi jirani simu yake. Mzee Wepukhulu alirudi nyuma, akasogea mbele, akafumba jicho moja, akabonyeza. Walipoitazama, Tonny alikuwa nusu, shangazi alikuwa kofia tu, na kidole cha Wepukhulu kilikuwa kimefunika watoto wote. Phelista pekee ndiye aliyekuwa ametokea mzima, katikati, macho mekundu, anacheka.

"Umeona?" Mzee Mukhisa akamwambia jirani yake. "Si kila siku nakwambia hii ni kazi?"