Pengo la Milimita Arobaini

Mondher alikuwa anafunga kalibu ya udongo ya kumiminia chuma kwenye maungio ya reli nilipomwambia aifungue. Niliingiza rula ndani ya pengo. Milimita arobaini.

"Mchana lilikuwa ishirini na tano," alisema.

"Mchana reli ilikuwa moto."

Tuliikata reli chuma kikiwa kimetanuka kwa jua la Metlaoui. Sasa alasiri upepo ulikuwa umegeuka wa baridi, nacho kimenywea. Jeki ya kuvuta reli zikaribiane ilikuwa mjini Sfax, inatengenezwa.

Jioni hiyo binti yangu Yosra angepakwa hina ya harusi nyumbani, Redeyef. Nilimwahidi nitakuwepo. Lakini reli ikiwa imekatwa, msimamizi haondoki.

"Tuongeze poda ya kuungia, mzee," alisema Mondher. "Ule mfuko wa alumini uliochanika una nusu nzima. Tunawasha, tunamimina, bibi harusi anamwona baba yake."

Nilitamani awe amepatia. Niliketi nikahesabu kwa chaki juu ya taruma la reli. Poda yetu ni oksidi ya chuma na alumini; ikiwashwa, alumini hunyakua oksijeni na kuacha chuma kilichoyeyuka. Moli moja ya oksidi ya chuma huchukua moli mbili za alumini, hutoa moli mbili za chuma. Kwa mizani: kilo nane za oksidi, kilo mbili na gramu mia saba za alumini, chuma kilo tano na nusu na ushee. Oksidi tuliyobakiwa nayo ilikuwa kilo nane. Pengo lilitaka chuma karibu kilo tisa.

"Alumini ya ziada haina wa kuungana naye," nikasema. "Chuma hakiongezeki. Inayobaki inaingia kwenye kiungo na kukifanya kivunjike."

"Yaani tunaongeza walaji, kuskusi ni ileile."

"Ndiyo hivyo."

"Hesabu tena. Labda chaki imechoka."

Nilihesabu tena. Nilijua jibu, lakini nilihesabu polepole kuliko mara ya kwanza.

Simu ikalia. "Baba, umefika wapi?"

"Bado niko kwenye reli, mwanangu. Hatukuweza kuunga."

Nyuma yake wanawake walikuwa wakipiga vigelegele.

"Mama alisema hutakuja," alisema. "Nikagombana naye."

"Mwombe radhi."

"Wewe ndiye wa kumwomba," akakata simu.

Mondher alirudisha kalibu kwenye sanduku bila utani. Nilimpigia mkuu wa stesheni azuie treni ya asubuhi, kisha nikaagiza bohari walete kipande cha reli cha kujazia na michanganyiko miwili ya poda, mmoja kwa kila ncha. Tukasimika bendera nyekundu pande zote mbili. Nilipima nusu mita kutoka kwenye pengo, nikatia alama pa kukata kesho, mapema, jua likiwa bado halijaishika reli.